Kitone chenye Miwani

Nether Coombe, Gloucestershire
Ijumaa, 2 Februari 1996

Wifi Hilda,

Simu sikupigii. Mara ya mwisho nilipopiga ulisema "kondoo wananiita" ukakata, na kondoo wenyewe sikuwasikia. Basi naandika, nione utaikataje barua.

Sitapindisha maneno. Vitone vya Wilfred vimechanua, na si vyenyewe.

Kitanda cha maua ninachosema unakijua, kile cha nyuma ya banda la zana. Kaka yako hakumruhusu mtu kukisogelea. Hata mimi, mkewe wa miaka thelathini na moja, chai yake niliamriwa kuiweka juu ya tofali nirudi zangu. Bustani yote hii imejaa maua ya vitone vya theluji, aina mia moja na arobaini kwa hesabu yake, kila aina na lebo yake, na vyote ni vyeupe vyenye alama ya kijani ndani kama Mungu alivyoviumba. Isipokuwa vile kumi na kimoja vya nyuma ya banda. Alama yake ilikuwa ya njano, na kile kifuko cha mbegu kilicho juu ya ua kilikuwa cha njano vilevile, njano ya kiini cha yai la kuku anayejitafutia. Wilfred alivikagua kwa lenzi masika manne asithubutu kuvipa jina. Alisema jina ni kama ndoa, mtu hakurupuki. Februari iliyopita akafa vikiwa vimechanua, na jina bado.

Bwana Aubrey Stallard anakuja Jumamosi tarehe 17. Yule akiinama akasema kitone ni kipya, basi ni kipya, na akitikisa kichwa unakwenda nyumbani kufuga kuku. Nilimwomba tangu Novemba. Nataka kiitwe Wilfred Milburn. Nataka kiandikwe, kipigwe picha, watu wapeane, kidumu hata mimi nikiondoka. Watoto hatukujaaliwa, Hilda. Hicho ndicho kitu pekee kitakachobaki duniani kikiitwa jina lake.

Leo asubuhi nimechukua mto wangu wa kupigia magoti nikaenda kuviangalia. Vimefunguka vyote kumi na kimoja. Kijani! Kijani kama vya kwenye uwanja wa kanisa, kama vya kila mtu. Tangu hapo nimekwenda na kurudi mara tisa, mvua inaninyeshea, nikidhani labda macho yangu. Si macho yangu.

Sasa sikiliza. Siku ya mazishi, watu wakiwa ndani wanakula sandwichi, Bi Gale wa jirani alikuona kupitia dirisha lake la juu. Ulikuwa umepiga magoti nyuma ya banda, na ile kofia yako nyeusi umeivua. Nani anavua kofia kwenye baridi ile? Kisha ukaondoka na treni ya saa tisa, hata keki hukungoja. Mimi nikasema, maskini, uchungu wa kaka yake. Kumbe!

Umechukua vya njano ukanipandikizia vya kijani nisishtuke. Na usije ukaniletea ule utani wa Wilfred kwamba kitone cha kuibiwa hustawi kuliko cha kupewa. Virudishe kabla ya tarehe 17. Za mwizi arobaini, na arobaini zako zimeshapita mara tisa.

Wifi yako,
Cecily


Blackhaugh, Northumberland
6 Februari 1996

Cecily,

Barua yako imeletwa na trekta, maana gari la posta limekwama kilimani. Theluji huku inafika magotini. Kondoo wawili nimewafukua kwa mikono jana.

Nilipiga magoti, ndiyo. Kaka yangu alikuwa na saa mbili tu kaburini. Watu hupiga magoti siku kama hiyo.

Unasema nilibeba matunguu kumi na moja ya vitone vya kijani kutoka huku, nikayapandikiza kwenye ardhi iliyoganda nikiwa na viatu vya mazishi, nikasawazisha udongo, nikawahi treni ya saa tisa. Una imani kubwa sana na magoti yangu. La kulia lina chuma ndani yake tangu Machi 1991. Unalijua hilo, zabibu ulinitumia hospitalini wewe mwenyewe.

Nina maswali mawili. La kwanza, Wilf alikwambia alivitoa wapi vitone vile? La pili, tangu afariki, umekitia nini kile kitanda?

Nijibu upesi.

Hilda


Nether Coombe
Alhamisi, 8 Februari

Hilda,

Mtu anaulizwa swali, anajibu kwa swali. Ungekuwa wakili.

Haya. Alivitoa kando ya barabara huko kwenu kaskazini, aliposimamisha gari kwenda haja ndogo. Alinihadithia mara mia, kila mara akicheka. Daftari lake liko hapa mbele yangu na limeandikwa kwa mkono wake: "Kando ya barabara, Machi 1991." Umeridhika?

Na nimekitia nini? Nimekitunza! Wilfred alikijazia majani ya misonobari yaliyooza, na kukinywesha maji ya mvua ya kwenye pipa lenye mbu, kitu cha mwisho duniani ungedhani atampa kipenzi chake. Mimi nilipobaki peke yangu nikasema la, hivi vitalelewa kama vingine. Kuanzia Machi hadi Novemba nimevipa anachopewa kila kitone katika kijiji hiki: chokaa ya unga, unga wa mifupa, majivu ya jikoni, na maji safi ya bomba. Kila Jumapili baada ya ibada, Hilda. Badala ya kwenda makaburini nilikuwa nakwenda pale. Nilizungumza navyo. Kwa hiyo usinifundishe kutunza.

Na hivyo vya kijani ulivyoniachia havipo tena. Jana nimeving'oa. Nilikuwa nikiosha vyombo naviona, nikipiga pasi naviona, nikashindwa, nikatoka na aproni nikaving'oa vyote nikavitupa kwenye lundo la mboji. Roho yangu imepoa, kidogo.

Tarehe 17 watakuwepo wana-vitone thelathini hapa kwangu, wamekuja kula supu na kumsikiliza Bwana Stallard. Kama sijapata changu, nitasimama na kijiko changu nigonge bilauri, na nitakutaja kwa jina. Nikimaliza, hakuna mtu katika nchi hii atakayekupa tunguu, hata la kukaangia nyama.

Cecily


Blackhaugh
Jumamosi, 10 Februari

Cecily,

Mwenye trekta ananingoja na injini inanguruma, kwa hiyo naandika haraka.

Ukiisoma hii iache mezani utoke nje. Nenda kwenye lundo. Vifukue vyote. Usitumie uma, tumia mikono.

Angalia umbo, usiangalie rangi. Funua petali za nje. Kwenye zile fupi za ndani utaona vidoa viwili vya mviringo vimeunganishwa na kijistari, kama miwani mtu ameivua akaiweka mezani. Hakuna kitone kingine chenye alama ile. Ukiiona miwani, ni vyenyewe, hata kama ni vya kijani.

Rangi inaondoka. Chokaa ndiyo inayoila. Mwaka wa pili wa vita Mama alimpa binamu yake Ada wa Durham matunguu matatu. Udongo wa kule una chokaa. Baada ya masika mawili yakatoa maua ya kijani. Ada akasema amepunjwa, hawakusalimiana hadi Krismasi. Mwishowe akayarudisha kwa hasira, Mama akayapanda tena huku kwenye udongo wetu mweusi, na taratibu yakarudia njano yake.

Ndiyo, nimeandika Mama. Hapakuwa na barabara yoyote.

Nenda kwanza.

Hilda


Nether Coombe
Jumanne, 13 Februari

Hilda,

Ni vyenyewe.

Barua yako ilifika jana saa nne. Niliacha mlango wazi. Nilichimba lile lundo kwa mikono hadi saa nane, maganda ya viazi, majani ya chai, yote. Bi Gale akaja na koti la mvua la mumewe akauliza kama nimepoteza pete. Nikamwambia nimempoteza mume, mara ya pili. Aliinama, akaanza kuchimba upande wa pili. Nitamwona mbea tena wiki ijayo, lakini jana sikumwona hivyo.

Vinne, Hilda. Kuna jambo sikukuandikia wiki iliyopita. Kabla sijavitupa nilivikatakata kwa sepetu. Nilisimama juu yake na aproni yangu nikavikata kama mtu anayekata nyoka. Saba tumevipata vipande vipande, vimeoza. Vinne viliponyoka, na kimoja kati ya hivyo vinne kilikuwa bado na ua lake limepondeka. Nikaliosha kwenye kisahani. Nikafunua petali kwa kibanio cha nywele. Miwani. Ya kijani, safi, kama imechorwa. Ilikuwepo siku zote na mimi niliyejiita mjane wa bingwa wa vitone nikaangalia rangi tu kama mtoto anayechagua peremende.

Hasira hasara, mama yangu alikuwa akisema, nami nilidhani anawasema wanaume.

Na sasa lile la mama yenu. Nimekaa na daftari. "Kando ya barabara." Alikuwa akicheka akinihadithia, Hilda! Aliigiza alivyokuwa akifunga suruali na kuinama. Miaka minne nimelala ubavuni mwa mtu na hadithi yake ya uongo, na nikaipenda kuliko zake za kweli. Kwa nini alinidanganya? Jana nimemuuliza kwenye picha. Anatabasamu tu, kama kawaida yake.

Nimemwandikia Bwana Stallard asije. Nimewaambia wote nina mafua, supu imeahirishwa. Hivi vinne nimevitia kwenye chungu na majani ya misonobari, nimevikinga barazani, na ninakwenda kuviangalia kila ninapopita, na ninapita kila dakika tano.

Nilikuita mwizi. Nilimsikiliza Bi Gale nikamwacha mtu wa nyumbani kwetu. Nisamehe, wifi yangu. Sijui niseme nini zaidi, ila nisamehe.

Cecily


Blackhaugh
15 Februari 1996

Wifi,

Usiniombe msamaha. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikainuka, nikawapa kondoo nyasi ambazo walishapewa. Siwezi kuiacha ilivyo.

Mimi ni mwizi. Nilichukua matunguu mawili.

Bi Gale aliniona sawasawa. Niliyatia kwenye kofia na udongo wake, nikaweka leso juu, nikaivaa. Ndiyo maana keki sikuingoja. Udongo ulinichuruzika shingoni njia nzima. Karibu na Newcastle mzee mmoja aliinuka akanipa kiti chake, nadhani alidhani naumwa.

Sasa nikueleze yote, maana nusu nusu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Vitone vile vilikuwa ukingoni mwa kijito chetu tangu kabla sijazaliwa. Mama ndiye aliyeviona kwanza. Aliviita "wazee wa miwani", na kila Februari akivaa miwani yake alikuwa anasema anakwenda kuwasalimia wenzake. Hakuviandika popote. Huku hatukuwa na Bwana Stallard. Alipokufa nikawa naenda mimi.

Machi 1991 nilikuwa hospitalini na goti. Wilf akaja siku nne kunitazamia nyumba na kondoo. Nikarudi kwa mikongojo, nikajikokota hadi kijitoni, nikakuta mashimo kumi na matatu. Hakuacha hata kimoja. Nilimwandikia, Wilf, ni wewe? Akanijibu kwa kadi. Ninayo bado: "Labda ni fuko." Fuko! Fuko gani anachimba mashimo ya duara na kusawazisha kingo?

Nami nilimwamini nusu. Nilitaka kumwamini, alikuwa kaka yangu wa pekee. Sasa siku ile ya mazishi sebule yenu ilinibana, nikatoka nikipata hewa, nikazunguka banda. Vikanitazama. Njano, na miwani yao. Siku hiyohiyo nimemtupia udongo kaburini, na saa mbili baadaye nimemkuta mwongo. Sikuwa na mahali pa kuiweka hasira hiyo, Cecily. Nilikuwa na kofia.

Ningeweza kuvichukua vyote. Vilikuwa vyangu. Nilichukua viwili kwa sababu wewe ulikuwa mjane wa siku sita tu, na niliona lile tofali la kikombe cha chai bado liko pale.

Vimeota. Viko palepale kwenye kijito, ndani ya mashimo yake. Wiki hii vimetoa maua matatu, ya njano.

Ulipoandika mara ya kwanza nilipaswa kusema. Niliona aibu. Nikasema naacha hadi tarehe 17 ipite. Ukitaka kunitaja mbele ya wana-vitone, nitaje. Kijiko usisahau.

Hilda


Blackhaugh
29 Februari 1996

Cecily,

Wiki mbili. Gari la posta limeanza kupita tena, na ninalisikia tangu darajani. Kila siku natoka hadi kwenye lango na kila siku yule kijana ananiletea bei za chakula cha mifugo.

Kama umekasirika, sema. Kama umeugua kweli kwa yale mafua ya uongo, mwambie Bi Gale aniandikie.

Maua yameanguka. Majani bado mabichi.

Hilda


Nether Coombe
Jumamosi, 16 Machi 1996

Hilda,

Siku kumi nilikukasirikia wewe. Siku kumi na tisa nikamkasirikia yeye, na bado sijafika nusu.

Wizi sikuukasirikia. Ulinikasirisha kwa kujua. Mwaka mzima ulikuwa unajua, na ukaniacha nachongesha lebo. Ndiyo, ilikuwa tayari, ya shaba, WILFRED MILBURN kwa herufi kubwa. Hilo nalo sikukuandikia. Jumatatu nimeichomeka kwenye kabichi. Zinastawi.

Yeye sijui nimfanye nini. Nimepekua madaftari yote kumi na saba. Nilitaka nikute mstari mmoja, "namdhulumu Hilda", au "aibu", au hata chozi limelowesha wino. Hakuna. Ukurasa wa Machi 1991 una lile neno la barabara, na chini yake ameandika "mvua". Nilimpenda na alikuibia ukiwa kitandani hospitalini, na mambo yote mawili yako kwenye nyumba hii moja na ninayapisha mlangoni kila siku.

Kifurushi hiki ni matunguu manne. Nimeyafunga kwenye gazeti lenye unyevu, majani yake mabichi kama inavyopasa, kila mtu anajua kitone kinahamishwa majani yakiwa hai, si yakiwa yamelala. Yapande leo. Usiyaache barazani useme kesho.

Ni yote niliyo nayo. Sijabakiza hata moja. Hapa kwangu kuna chokaa hadi kwenye birika, yangekufa kijani na mimi nikiyatazama. Nyuma ya banda sasa kuna mashimo kumi na moja. Nimekuwa nikienda kusimama pale, na sasa najua ulichokiona ulipofika kijitoni na mikongojo yako.

Usinishukuru. Usiniandikie hadi yachanue, kama yatachanua. Nikiuona mwandiko wako kabla ya hapo nitalia, na nimechoka.

Cecily


Blackhaugh
Jumatano, 12 Februari 1997

Wifi yangu,

Nimekutii. Miezi kumi na moja kasoro siku chache. Mara nne nilikaa mezani nikachukua kalamu, mara nne nikaenda kuwakwangua kondoo kwato.

Fungua kiberiti kilichomo humu ndani kabla hujaendelea kusoma. Polepole, kuna ua.

Umeona? Hili limetoka kwenye tunguu lako. Matatu yamechanua, moja limetoa majani tu, limenuna kama aliyelituma. Rangi bado haijafika. Alama ni kama limau lisiloiva, kingo zina kijani. Lakini kifuko cha mbegu ni cha njano, hilo hata Ada wa Durham asingebisha. Mwakani litakuwa kama yai. Na miwani iko palepale. Nimeyapanda mkabala na yale yangu mawili, ambayo sasa ni matano, na nimezibakisha zile nafasi tupu, sijui kwa nini. Kila ninapoamka naenda kuhesabu. Nimekuwa kama Wilf, tofauti ni kwamba chai naenda nayo mwenyewe.

Bwana wako Stallard amenipata. Sikumwita mimi. Bi Gale alimwambia mke wake, mke wake akamwambia yeye, na yeye akaniandikia barua ya kurasa tatu yenye mihuri. Anafika Jumamosi tarehe 22. Anataka kujua kitone kinaitwaje. Nimemjibu kwamba wenye kauli ni wawili, na mmoja hayupo. Ninalo jina la Mama, kama wewe hutaki la Wilf. Ninaweza hata la Wilf, nikiwa nimekunywa. Lakini sitaamua peke yangu. Usipofika kabla ya Jumamosi hiyo nitamwambia kinaitwa Hasira za Cecily, naye ataandika, na unajua mwenyewe kwamba likishaandikwa halifutiki.

Nyumba ina baridi, kwa hiyo lete soksi. Nitakupokea kituoni Hexham na lile gari linalonuka kondoo. Kuna kitanda cha Mama na blanketi nne, na nitatengeneza supu ile uliyowanyima wana-vitone thelathini.

Jambo la mwisho. Najua utakachosema ukishuka kwenye treni, kwa hiyo nakujibu kabisa. Hapana. Sikupi. Matunguu yako manne ulinipa na ya kwangu ni yangu, na hutapata hata moja kutoka mkononi mwangu, ukinilalia hata mlangoni. Kaka yangu alisema cha kuibiwa hustawi kuliko cha kupewa, na hilo ndilo neno lake pekee ambalo mimi na wewe tumelipima wenyewe tukaona ni kweli.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya chai, nitakuwa jikoni namenya viazi. Nitamenya taratibu. Dirisha la jikoni halitazami kijito. Sepetu ya mkono iko nyuma ya mlango, na kofia yangu nyeusi nimeitundika juu yake.

Utakirudisha kitone chako huko kwenye chokaa yako, na ukifanya ujuavyo au usifanye, baada ya masika mawili kitageuka kijani. Kikigeuka, usikikate. Panda treni uje uibe kingine.

Wifi yako,
Hilda